Maikrofoni ya Valvu: Ya Asili na ya Kuigiza

Yafaa kila mmoja awe na daftari na penseli karibu, maana leo tutasoma namba nyingi kuliko maneno. Namba zenyewe zimeandikwa juu ya vyombo vidogo vidogo, na mtu asiyeweza kuzisoma huuziwa jina badala ya kitu.

Siku hizi kwaya na vikundi vya ngoma havina haja ya kwenda mbali kurekodi nyimbo. Zamani bendi za mji wetu, kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania, Dar es Salaam. Leo kijana mwenye kompyuta hufanya kazi hiyo chumbani kwake. Basi tuseme kwaya yenu imechanga fedha kwa miezi mingi, na kijana huyo akawaambia: "Ninunulieni maikrofoni ya valvu, ya namna ile waliyotumia waimbaji wakubwa wa zamani. Iko ya kuigiza, dola mia tatu tu." Je, mtoe fedha? Hilo ndilo swali la leo.

Kwanza tuijue ya asili. Mwaka 1949 kampuni ya Neumann ya mji wa Berlin, Ujerumani, ilitoa maikrofoni iitwayo U 47. Mwaka 1953 kampuni ya AKG ya Vienna, Austria, ikatoa C 12. Mwaka 1960 Neumann wakatoa U 67. Sauti nyingi mnazozisikia katika sahani za miaka ile zilipita katika vyombo hivyo. Vijana wa Uingereza walioitwa The Beatles waliimba mbele ya U 47 na dada yake U 48 katika studio ya EMI, London. Leo U 47 iliyo nzima huuzwa zaidi ya dola elfu kumi. Kwa fedha hizo mtu aweza kujenga nyumba hapa Kitete, kwa hiyo si ajabu kwamba wako watu wanaotengeneza za kuigiza.

Wala jambo la kuiga si geni katika njia yetu ya misafara. Katika karne ya 19 nguo iliyopendwa sana ilikuwa merikani, iliyofumwa Massachusetts, Marekani, ikaletwa Zanzibar kwa merikebu, ikapanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Viwanda vya Uingereza viliiga nguo hiyo, lakini wanunuzi waliishika mkononi wakaitambua. Baadaye, vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoizuia merikani isije, nguo za Bombay zikapata nafasi, na nyingine zilikuwa nzuri kweli. Kuiga si kosa. Lililo muhimu ni kujua kilichoigwa, na kilichoachwa.

Sasa tuifungue maikrofoni kwa mawazo tu, tusiifungue kwa mikono. Juu, nyuma ya wavu wa chuma, kuna kapsuli. Kapsuli ni ngoma ndogo. Ngozi yake ni utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Nyuma ya ngozi hiyo kuna kisahani cha shaba, na baina yao pana nafasi ndogo sana yenye hewa. Ukiimba, ngozi hutikisika, nafasi ile huongezeka na kupungua, na umeme uliowekwa hapo hubadilika kwa kuifuata sauti yako.

Umeme huo ni dhaifu mno, hauwezi kusafiri katika waya mrefu. Mfano wake ni pembe ya ndovu iliyolala Unyanyembe: thamani inayo, lakini miguu haina. Mpagazi wa Kinyamwezi aliitia begani akaifikisha pwani, na pembe ilikuwa ile ile. Kazi kubwa ya valvu ni hiyo ya bega. Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye kijiwaya ndani kinachowaka kama taa iliyofifia. Redio za zamani zilikuwa na vichupa hivyo, ndiyo maana mtu aliwasha redio akakaa akingoja ipate moto. Baada ya valvu kuna transfoma ndogo, halafu sauti hutoka katika waya. Wauzaji husema kwamba valvu huitia sauti utamu. Utamu kidogo upo, siwezi kuukana, lakini si mwingi kama ulivyoandikwa juu ya sanduku. Tabia ya maikrofoni hutoka zaidi katika kapsuli.

Na hapa ndipo penye siri ya maikrofoni nyingi za kuigiza, sikilizeni vizuri. Kapsuli ya U 67 huitwa K67. Wahandisi wa Berlin waliitengeneza makusudi ipandishe sauti nyembamba, zile zisikikazo katika herufi s na sh, na katika njuga za miguuni. Kisha, katika njia ya umeme ndani ya maikrofoni hiyo hiyo, wakaweka kitu cha kuzishusha tena kwa kiasi kile kile. Mtu atauliza, kwa nini wapandishe halafu washushe? Kwa sababu valvu nayo ina mchakacho wake. Ukishusha sauti nyembamba baada ya valvu, washusha na mchakacho pamoja nazo. Sauti ya mwimbaji yarudi mahali pake, na mchakacho wapungua. Ni kazi ya akili sana.

Viwanda vingi vya China hutengeneza kapsuli ya mfano wa K67, nayo hupatikana kwa bei ndogo. Basi watengenezaji wengine wameichukua kapsuli hiyo, wakaitia katika umbo linalofanana na C 12 au U 47, na kile kitu cha kushusha hawakukiweka. Wameiga kupanda, wakaacha kushuka. Kwa hiyo herufi s hupiga mluzi, na kwaya ya kina mama, ambayo ina sauti za juu tayari, husikika kama iko ndani ya bati. Mnunuzi husema: "Kumbe hivi ndivyo vilivyokuwa vyombo vya zamani!" Sivyo kabisa.

Wako wanaoiga kwa uangalifu zaidi. Kampuni ya Warm Audio ya Texas, Marekani, huuza WA-67, yenye valvu EF86, ambayo ndiyo iliyokuwa katika U 67. Huuza pia WA-47. Hiyo haina valvu VF14 ya Telefunken iliyokuwamo katika U 47, maana VF14 iliacha kutengenezwa katika miaka ya 1950. Badala yake imewekwa 5751. Lakini hizo bei yake hukaribia dola elfu moja. Tena hata zile za asili hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Ngozi ya kapsuli ya U 47 za kwanza ilikuwa ya plastiki ambayo hukauka na kukakamaa kwa miaka, kwa hiyo U 47 mbili zilizokaa makabati mbalimbali zaweza kuwa na sauti mbili. Anayekuambia kwamba nakala yake ni sawasawa na U 47, muulize: U 47 ipi?

Mkitaka kulinganisha maikrofoni mbili, zipangeni karibu karibu, urefu mmoja kutoka sakafuni. Mwimbaji asimame umbali wa shibiri mbili, aimbe mara moja tu, na zote mbili zirekodi pamoja. Akiimba mara mbili, mtakuwa mnalinganisha pumzi zake. Kisha kijana wa kompyuta azisawazishe zilingane kwa ukubwa wa sauti. Jambo hili wengi hulipuuza, nalo ndilo huharibu hukumu: sikio la mtu hupenda iliyo kubwa zaidi, hata kama ni kwa kiasi kidogo tu. Mwisho, kijana aziite A na B, asiwaambie ipi ni ipi, wala ipi ni ghali. Kila mwanakwaya aandike herufi moja katika karatasi yake bila kumtazama jirani. Pamoja na wimbo, mwimbaji aseme maneno haya: "Siku ya Jumamosi Shija alisaga unga sokoni." Hapo mluzi wa s hauna pa kujificha.

Na kama maikrofoni ya bei ndogo imekwisha kununuliwa, nayo yakwaruza? Yako marekebisho, na yafaa kuanza na yale yasiyo na gharama. Chumba kwanza. Tundikeni magodoro na mablanketi nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa ukuta mtupu hurudisha sauti, na maikrofoni ya namna hii husikia kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani. Mwimbaji asiimbe akiielekea moja kwa moja, aigeuze kidogo upande. Sauti nyembamba hupungua hapo hapo. Vuteni soksi ndefu ya nailoni juu ya duara la waya, muiweke mbele ya mdomo, na pumzi za p na b hazitagonga ngozi ile nyembamba. Mara nyingi fedha za fundi zimeokolewa na soksi.

Baada ya hayo ndipo tufike kwenye valvu. Andikeni namba hizi: 12AX7, 5751, 12AY7. Zote tatu zina miguu tisa na hukaa katika tundu moja. Nguvu ya kukuza ya ya kwanza ni 100, ya pili 70, ya tatu 44. Nyingi za bei ndogo huja na 12AX7, nayo kwa mwimbaji mwenye kifua kikubwa huzidi, sauti ikavunjika. Kuweka 12AY7 hutuliza, na mara nyingi mchakacho hupungua. Lakini angalieni: EF86 nayo ina miguu tisa, nayo huingia katika tundu lile lile, ila waya zake za ndani zimepangwa vingine kabisa. Kuingia si kufaa. Someni namba, msitazame umbo.

Wengine hukimbilia kubadili kapasita ya kutolea sauti, wakanunua ya bei kubwa yenye rangi nzuri. Tofauti yake ni ndogo, nami nisingeitolea fedha za kwaya. Kapasita yenye faida ni ile nyingine, ndogo, ambayo fundi huiweka baada ya valvu ili ipitishe sehemu ya sauti nyembamba ardhini. Hiyo yarudisha kile kitu cha kushusha kilichoachwa, na bei yake haizidi soda. Lazima volti zilizoandikwa ubavuni mwake zizidi volti za maikrofoni. Njia nyingine ni kubadili kapsuli yenyewe, kuweka ya mfano wa U 47 ambayo haipandishi sana. Hiyo ni dawa kubwa, lakini kapsuli nzuri yaweza kugharimu dola mia na zaidi, na vumbi la kiangazi cha Tabora likiingia katika ngozi yake siku ya kuifungua, mmeharibu mpya na ya zamani.

Kuna hatari ya kufa. Maikrofoni ya valvu ina kisanduku chake cha umeme. Ya U 47 hutumia volti 105 hivi, ya C 12 volti 120, ya U 67 volti 210 hivi. Hizo si volti za betri ya tochi. Tena kapasita zilizomo kisandukuni hukaa na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kama mtungi ukaavyo na maji baada ya kisima kufungwa. Mtu amechomoa, amejiona salama, akatia kidole, akarushwa. Kwa hiyo kufungua ni kazi ya fundi wa redio aliyefundishwa, mwenye mita ya kupimia, naye apime mpaka mita isome sifuri kabla ya kugusa. Valvu yenyewe isiguswe mpaka iwe imepoa, na isichomolewe umeme ukiwa umewashwa. Umeme wa mji ukikatika wakati mnarekodi, zimeni kisanduku, msingoje urudi kwa kishindo.

Sasa turudi kwenye dola mia tatu. Kama chumba cha kijana kina bati tupu juu bila dari, na kwaya itaimba pia uwanjani siku za sikukuu, mimi ningewaambia msinunue valvu. Nunueni maikrofoni ngumu isiyo na valvu wala kisanduku, kama Shure SM58, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1966 na hutengenezwa hata leo. Huvumilia kuanguka, na haisikii mvua kama ile nyingine. Fedha zinazobaki ziwekeni darini. Kama chumba kimekwisha kutengenezwa vizuri, na fundi yupo, basi jaribuni ya valvu kwa njia ya A na B kabla ya kulipa. Mkiinunua, iwasheni nusu saa kabla ya kuimba ili valvu ipate moto, na mkimaliza ifunikeni katika mfuko safi, mbali na moshi wa jikoni. Unyevu wa pumzi na vumbi vikikutana juu ya kapsuli, mtasikia mchakacho kama mahindi yakikaangwa.

Kwa juma lijalo, kila mmoja atazame chombo kimoja cha umeme nyumbani kwake au kwa jirani, iwe redio, pasi au chaja ya simu. Asome kibandiko chake, aandike daftarini volti zilizoandikwa hapo, na jina la nchi kilikotengenezwa. Asiyeona vizuri maandishi madogo amwombe mtoto amsomee namba moja moja, naye aziandike kwa mkono wake mwenyewe. Kwaherini.