Meno ya Kerezo Yakichakaa, Mashine ya Kusaga Inaumia

Mwezi huu tunaongea habari ya chuma. Msiseme haituhusu. Familia inayokula posho kule Lobule, Rhino Camp au Imvepi inategemea mashine ya kusaga, na mashine ya kusaga inategemea shafti. Shafti ikiisha, mwenye mashine anaitia ndani ya gunia na kupanda gari mpaka Koboko, au anaendelea mpaka Arua, kutafuta fundi mwenye kerezo.

Sasa shida inaanzia hapa. Shafti mpya inarudi inang'aa kabisa, lakini baada ya siku chache beringi zinaanza kulia. Watu wanalaumu beringi kwamba ni feki. Pengine ni kweli, lakini mara nyingine kosa liko kwenye kile kichwa cha kerezo kinachoshika chuma, kile chenye meno matatu.

Ndani ya kichwa hicho kuna bamba lenye mfereji unaozunguka kama ganda la konokono. Fundi akizungusha ufunguo, meno yote matatu yanasogea pamoja. Kazi ya miaka mingi inakula ule mfereji, na meno yanapanuka mdomoni. Basi yanashika chuma kwa nyuma tu, mbele kuko wazi. Fundi anakata upande mmoja vizuri, anageuza shafti akate upande wa pili, na katikati si ile tena. Mahali pawili pa kukalia beringi hapako kwenye mstari mmoja. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari, inatosha kusumbua. Shafti ndefu, fundi mzuri ataifunga kati ya ncha mbili, na hapo meno hayana neno. Fupi ndizo zinaleta taabu.

Kununua kichwa kipya ni gharama, na Kampala iko karibu kilomita 500 kutoka Arua. Lakini kama meno ya kerezo lako yamefungwa kwa bolti, yaani sehemu ya juu inatoka, unaweza kujitengenezea mengine ya chuma laini. Kata vipande vitatu, toboa matundu ya bolti, kisha viandike 1, 2 na 3 ili kila kimoja kirudi mahali pake siku zote.

Jambo kubwa ni hili: meno yakatwe yakiwa yamekazwa. Shafti yako ikiwa ya milimita 30, chukua kipande kifupi cha duara, chembamba kidogo kuliko hapo, ukibane kule nyuma kabisa ya meno. Kaza kama unavyokaza siku ya kazi. Halafu, bila kulegeza, ingiza kisu cha kuchimba ndani, ukate sehemu ya mbele polepole mpaka ifike 30, usikiguse kile kipande. Ukikata meno yakiwa legelege, siku ya kuyakaza yatakwenda upande tena na kazi yote ni bure. Meno hayo ni ya 30 tu; ya 40 utayachimba upya. Meno ya asili, yale magumu, kisu cha kawaida hakiyaingii, yanataka jiwe la kusaga. Na msiyachomelee ovyo, yanapasuka.

Vijana mnaojifunza, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, kwa hiyo ufundi huu ni mali. Lakini bolti zisitokeze nje ya meno, mikono mirefu ikunjwe, na ufunguo usiachwe kwenye kichwa hata dakika moja. Mota ikiwashwa unaruka kama jiwe la manati. Watoto wakae nje.

Na wewe mama mwenye mashine, usilipe kabla ya kuangalia. Mwombe fundi aiweke shafti kati ya ncha mbili na kuizungusha kwa mkono, huku ncha ya msumari imeshikwa imara karibu na pale beringi inapokaa. Angalia ule mwanya mwembamba, upande huu na upande ule. Ukiona unafunguka na kufunga, shafti inarudi kwenye kerezo, wewe unakaa kwenye benchi unangoja.