Msitu wa Ghorofa Nne

Mtoto wa Mombasa ajua kwamba maji hutoka mferejini. Mwulize mfereji nao wayapata wapi, atanyamaza. Basi wazazi wenzangu, tuwasomeshe wadogo habari za msitu wa Milima ya Shimba kule Kwale, uliofanywa hifadhi mwaka 1968, kwani chemchemi zake za Marere ni miongoni mwa zinazounywesha mji huu.

Njia nyepesi ni kuwaambia kuwa msitu ni nyumba ya ghorofa nne. Juu kabisa hutokeza mvule mmoja mmoja, ukipigwa na jua na upepo. Popo hula matunda yake usiku na kuzitawanya mbegu. Chini yake majani yameshikana kama paa la makuti, na hapo ndipo akaapo mbega, ambaye chakula chake hasa ni majani. Ya tatu ni ya miti michanga na vichaka, vikingojea mwangaza. Chini kabisa ni kiza na unyevu: jongoo, mchwa na uyoga huyageuza majani makavu yakawa mbolea.

Asiyefahamu kwa maneno afahamishwe kwa mchezo. Watandieni watoto leso tatu kambani, moja juu ya nyingine, kisha mwageni kata ya maji. Walio chini wataona kiza, na maji yatawafikia tone kwa tone. Ndivyo msitu upokeavyo mvua: haiipigi ardhi kwa kishindo, bali huzama polepole ikawa chemchemi.

Kisha ziondoeni leso, mmwage tena. Hapo hapana haja ya kuwaeleza shoka hufanya nini.