"Faulo" na Mpira Uliokufa

Tuchukue mfano wa uwanja wowote wa Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa. Mpira umewekwa kwenye kona; kabla haujapigwa, mlinzi anamsukuma mshambuliaji ndani ya eneo la penalti. Watazamaji wanapaza sauti: "Faulo! Penalti!" Mwamuzi anamwonyesha mlinzi kadi ya njano, kisha anaamuru kona ipigwe. Hapo hushutumiwa kuwa amehongwa, kumbe ameifuata sheria barabara.

Chanzo cha ugomvi huo ni neno. Katika mazungumzo yetu "faulo" ni kosa, na pia ni pigo litolewalo kwa ajili ya kosa hilo. Hivyo msikiaji hudhani kuwa penye la kwanza hapana budi pawe na la pili. Sheria haisemi hivyo. Pigo hutolewa tu ikiwa kosa limetendwa mpira ukiwa mchezoni. Na mpira wa kona huwa mchezoni unapopigwa na kusogea waziwazi. Kabla ya hapo mkosaji huweza kuonywa au kutolewa, lakini kona hubaki kona.

Mpira wa Kimarekani una njia nyingine: mshambuliaji ajongeaye kabla mpira haujaanzishwa huirudisha timu yake nyuma yadi 5.

Basi yafaa tutenge istilahi tatu: "madhambi" kwa kosa la mpira ulio mchezoni; "mpira wa adhabu" kwa pigo lake; na "kosa la mpira uliokufa" kwa lile lisilozaa pigo. Majina yakitengana, mwamuzi ataeleweka.