Kioo cha Pikipiki: Istilahi na Maelekezo ya Kukirekebisha

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia watafsiri wetu ni vijitabu vya matumizi ya pikipiki. Sehemu ihusuyo vioo aghalabu huwa fupi, na mtafsiri huimaliza kwa sentensi moja: "Rekebisha vioo kabla ya safari." Sarufi yake haina kosa, lakini dereva hakuambiwa afanye nini. Hukisukuma kioo kwa kidole, akaona kiwiko chake mwenyewe, akaondoka. Lori linalomjia nyuma halioni.

Tuanze na neno kioo lenyewe. Hutumika kwa kioo cha dirisha, kwa kile cha kujitazamia na kwa kile kinachomkinga dereva na upepo. Katika gari, kioo cha nyuma chaweza kuwa dirisha la nyuma au kile cha kutazamia yajayo nyuma. Mafundi wameukwepa utata huo kwa kusema saiti mira. Hatuoni haja ya kuwabeza. Neno bodaboda nalo lilitokana na safari za mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, bila kungoja kamati yoyote. Hata hivyo, katika maandishi rasmi kioo cha pembeni kinatosha, na hakichanganywi na kingine.

Ugumu uko kwenye kile chuma kinachokishika kioo. Wapo wanaokiita mkono. Lakini dereva ana mikono yake, na usukani nao una mikono, mtafsiri atajikuta akiandika "mkono wa kioo cha mkono wa kulia." Sisi twapendekeza kikonyo, kwa kuwa kioo hukaa juu yake kama tunda lilivyo kwenye kikonyo chake.

Jina hilo likipatikana, kitenzi kurekebisha chaweza kugawanywa, kwani ndani yake mna vitendo vitatu. Dereva huketi kama aketivyo safarini, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ikiegemea stendi ya ubavuni, atakachokiona si kile atakachokiona barabarani. Kisha hulegeza nati iliyo chini ya kikonyo, na kukizungusha kikonyo hadi kioo kitokeze nje ya kiwiko. Hukaza nati. Ndipo huinamisha kioo chenyewe hadi mstari wa upeo upite katikati yake, na bega lake lionekane kidogo tu kwenye ukingo wa ndani. Kuzungusha, kukaza, kuinamisha: anayeyaandika yote kuwa "rekebisha" ameficha hatua ya kwanza, ambayo ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi. Aidha, katika pikipiki nyingi za Yamaha hesi ya kioo cha kulia imekatwa kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea uendako mshale wa saa. "Fungua kushoto" hapo itavunja kitu.

Kuna pia umbo la kioo. Shuleni twafundisha mbinuko na mbonyeo, nayo ni maneno mazuri, maana mwanafunzi huyaona mumo humo katika kubinuka na kubonyea. Vioo vingi vya pembeni ni vya mbinuko: huonyesha eneo pana, lakini hukipunguza kitu, kikadhaniwa kiko mbali. Kwenye vioo vya baadhi ya magari huandikwa tahadhari kuhusu jambo hili. Tafsiri yake iwe "Vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana." Anayeandika "Vitu huonekana karibu" amesema kinyume chake kabisa, na dereva atakayemwamini ataingia njia ya mwenziwe.

Hata kioo kilichowekwa vizuri huacha sehemu ya barabara isiyoonekana, nyuma kidogo ya bega. Tumekuta ikiitwa doa pofu. Hatukubaliani nalo: doa ni alama ndogo, hali sehemu hiyo yaweza kumeza gari zima, wala hapana kilichopofuka. Eneo fiche ni afadhali. Na maelekezo yake yasiwe "tazama nyuma," ambayo humfanya dereva asiyezoea aigeuze shingo yote na kuiacha njia iliyo mbele yake. Yawe "tupa jicho juu ya bega," upande ule anaotaka kuhamia.

Wasomaji walio na neno bora kuliko kikonyo, hasa walimu wa ufundi, watuletee.