Jiwe Limekwenda, Neno Limebaki

Magazeti ya dunia yanapozungumza juu ya akili ya mashine aghalabu hutaja California na China, hutaja mabilioni ya dola na majumba makubwa yaliyojaa kompyuta; Kasugho haitajwi. Mji huu mdogo wa milimani, ulio katika wilaya ya Lubero, mashariki ya Kongo, kusini-magharibi ya Butembo, una chuo kikuu cha hifadhi ya mazingira, una makao ya gorila yatima yaliyoanzishwa mwaka 2009, na una soko na mashamba kama miji mingine ya Wanande. Lakini mtu atakaye kufahamu jinsi mashine hizi zinavyogeuza siasa, biashara na maisha ya jamii hatapoteza wakati wake akianzia hapa, kwa kuwa hapa hukaribiana mambo mawili ambayo kwingine hayaonani: ardhi inayotoa malighafi ya mwili wa mashine, na watu ambao akili ya mashine hiyo haijapata kuwasikia.

Tuanze na mwili. Koltani ni mchanganyiko wa madini mawili, kolumbaiti na tantalaiti, ambao mchimbaji wa mashariki ya Kongo huupata kwa kuosha udongo kijitoni mpaka ubaki mchanga mweusi, mzito kuliko mwingine wote aliouchota. Ndani yake mna tantali, metali iliyotambuliwa na mkemia wa Uswidi, Anders Ekeberg, mwaka 1802, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 3,000 za selsiasi, na ambayo asidi nyingi haziwezi kuila. Fundi huifanya unga, akauoka unga huo ukashikamana huku umejaa vinyweleo, kisha akaupitisha umeme ndani ya maji yenye asidi hata kila kinyweleo kikavikwa utando mwembamba mno wa oksidi. Utando huo ndio siri yote: huzuia umeme usivuke, na kwa sababu nyuso za vinyweleo hivyo zikikusanywa pamoja zina eneo kubwa ajabu, kitu kisichozidi punje ya mchele huweza kulimbikiza umeme mwingi na kuutoa kwa utulivu pale chombo kinapouhitaji. Vitu hivyo, viitwavyo kapasita, vimo katika simu, na vimo pia katika kompyuta zinazoifundisha na kuiendesha akili ya mashine. Migodi ya Rubaya peke yake, katika wilaya ya Masisi, hukadiriwa kutoa kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia, na mwaka 2024 ilitwaliwa na waasi wa M23. Asemaye kwamba teknolojia haina siasa na aende akasimame kwenye mizani ya mnunuzi wa mawe.

Migodi imeacha deni msituni. Gorila wa Grauer, ambaye porini hapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo, alikadiriwa kuwa na idadi ya 16,900 katika miaka ya 1990; vita vikaja, wachimbaji wakaingia misituni na kuwinda nyama ili wapate kula, na mwaka 2016 wataalamu wakatangaza kwamba wamebaki 3,800 tu. Kisha mwaka 2021 ikatolewa hesabu nyingine, 6,800. Gorila hawakuzaana namna hiyo katika miaka mitano. Watu walifika katika misitu ambayo hapo kwanza haikupimwa vizuri, wakawakuta waliokuwako siku zote. Siku hizi kazi ya kuhesabu wanyama husaidiwa na kamera zinazofungwa mitini, na programu iliyofunzwa kwa maelfu ya picha huchambua ipi ina mnyama na ipi ina majani yaliyotikiswa na upepo. Wafuatiliaji wa gorila wa milimani wamezoea kuwatambua kwa mikunjo ya juu ya pua, wakiichora daftarini, na programu nazo zimeanza kujifunza kutambua nyuso hizo. Ila programu haimjui mnyama ambaye haikuonyeshwa mfano wake. Na kanuni hii, msomaji, ndiyo ninayotaka uishike, kwa maana ina nguvu ile ile kwa wanadamu.

Wanadamu wa Butembo na Beni waliijua nguvu ya simu kabla haijapata akili. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, ambao hata ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287, wa pili kwa ukubwa katika historia ya maradhi hayo. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kilichopungua kilikuwa imani. Watafiti waliowahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 waliona kwamba robo yao hawakusadiki kuwa Ebola ni kitu cha kweli. Sauti zilizorekodiwa kwa simu, zikipelekwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, zilidai kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa. Siwalaumu sana waliozisikiliza: watu waliochinjwa kwa miaka bila kuletewa msaada wa maana, kisha wakaona magari mengi yakija kwa ajili ya homa moja, walikuwa na haki ya kuuliza. Tume ya uchaguzi ikaongeza chumvi kwenye kidonda pale mwezi Desemba 2018 ilipoahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi, yaani baada ya Rais kwisha kuapishwa, na wapigakura zaidi ya milioni wakawekwa kando. Vijana wa Beni walijipangia uchaguzi wao wa karatasi tarehe 30 Desemba, siku ile ile wenzao kwingineko walipogusa vioo vya mashine za kupigia kura zilizotengenezwa Korea Kusini. Kesho yake serikali ikafunga intaneti nchi nzima, ikaifungua baada ya siku 20 hivi.

Yote hayo yalitokea wakati ambapo sauti ya mtu ilikuwa bado ni mali yake. Januari 2023 wahandisi wa Microsoft walitangaza programu inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikilizishwa sekunde 3 tu. Mashine hiyo huivunja sauti katika vipande vidogo vidogo vyenye namba, ikajifunza kutoka kwa wasemaji wengi jinsi vipande hivyo vinavyofuatana, kisha ikavaa rangi ya sauti ya mtu mmoja na kuyatamka maneno ambayo hakuyasema. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, wapigakura wa New Hampshire nchini Marekani walipigiwa simu na sauti ya bandia ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasijitokeze katika kura ya awali. Kule walikuwapo waandishi na wapelelezi wa serikali wa kufichua hila hiyo kwa siku chache. Sasa fikiri sauti kama hiyo, ya padri au ya mwami, yaani mtawala wa jadi, ikiingia katika simu za Lubero usiku wa hofu. Kampuni zenye mitandao zina programu za kunusa uwongo, lakini programu hizo hudhoofika zinapokutana na lugha ambazo hazikufundishwa, na Kinande, lugha ya Wanande, ni mojawapo.

Upande wa biashara sitakawia. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao sifa yao ya kwenda Dubai na Guangzhou kuleta bidhaa ni ya siku nyingi, hawahitaji kufunzwa na mtu faida ya simu; na benki za Goma zilipofungwa baada ya mji kutekwa na M23 Januari 2025, fedha za simu ndizo zilizobaki kuwa pumzi ya wengi, ingawa mawakala walikata ushuru mkubwa kwa kila noti waliyoitoa. Teknolojia huokoa na kutoza kwa mkono mmoja.

Turudi kwenye akili. Mashine inayojibu maswali haina kamusi kichwani: husomeshwa maandishi mengi mno, ikahesabu neno lipi huelekea kulifuata lipi, na hesabu hizo ndizo zinazotoka kama maarifa. Pasipo maandishi hapana hesabu. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200. Kiswahili kimo, Kilingala kimo, Kinyarwanda kimo, Kinande hakimo. Hata Kiswahili kilichomo ni hiki cha vitabu na magazeti, ambacho mama wa soko la Butembo hukisikia kama hotuba. Basi mkulima wa kahawa akiuliza kwa lugha aliyonyonya kwa mamaye juu ya ugonjwa wa mikahawa yake, mashine ambayo huenda ina punje ya tantali ya milima jirani itababaika, au, jambo lililo baya zaidi, itambunia jibu kwa ufasaha. Kasugho ina deni la kudai hapa, na sioni aibu kulisema.

Njia ya kulidai inajulikana. Huko New Zealand, mwaka 2018, kituo cha redio cha Wamaori kiitwacho Te Hiku Media kiliwaita wasikilizaji wake wasome sentensi kwa sauti, kikapata saa zaidi ya 300 katika siku 10, kikafundisha kwazo mashine ya kuandika yasemwayo kwa Kimaori, na kikakataa kuziuza sauti hizo kwa makampuni makubwa, kikiziweka chini ya hati inayosema kwamba wenye lugha ndio walinzi wake. Watu wa Kasugho hawana haja ya kuona jambo hilo kuwa la kigeni. Mwaka 1998, watawala wa jadi wa Batangi na Bamate walipatana wautenge msitu wa Tayna kwa ajili ya gorila, bighairi ya kungoja amri ya Kinshasa. Serikali ikautambua mwaka 2006, na chuo kikuu cha Kasugho kikazaliwa katika harakati hizo hizo. Walioweza kuandikiana mapatano juu ya miti wanaweza kuandikiana mapatano juu ya sauti.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Radio Moto ya Butembo na wa redio nyingine za Lubero na Beni wasifute kanda zao za Kinande na za Kiswahili cha kwetu. Nawaomba walimu wa chuo cha Kasugho wawape wanafunzi kazi ya kuziandika neno kwa neno. Na nawaomba wami watie saini hati ya ulinzi wa sauti hizo mapema, kabla hajaja mgeni mwenye mkataba wake tayari mfukoni.