Beringi za Magurudumu ya Mbele katika Toyota Land Cruiser

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambayo hadi leo hubeba wagonjwa, watalii na mizigo katika barabara nyingi za Afrika Mashariki zisizo na lami, hutumia mbele ekseli nzima isiyokatika, ambayo ndani yake uzito wa gari haubebwi na shafti inayozungusha gurudumu. Uzito huo hubebwa na mhimili mfupi, mnene na wenye tundu katikati, uliofungwa kwa bolti kwenye kifundo cha usukani, na shafti hupita ndani ya tundu hilo ili kupeleka nguvu ya injini tu. Juu ya mhimili huzunguka habu, yaani kitovu cha chuma kinachoshika gurudumu na diski ya breki, na kati ya viwili hivi hukaa beringi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje.

Beringi hizo ni za rola zilizochongoka, aina ambayo Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1898. Kila rola ni nyembamba upande mmoja kuliko mwingine, na kwa sababu hiyo beringi hubeba kwa pamoja uzito unaokandamiza kutoka juu na msukumo wa ubavuni unaotokea gari linapokata kona. Beringi moja ya namna hii, hata hivyo, huzuia msukumo wa upande mmoja tu, ndiyo maana hufungwa mbili zinazoelekeana, na nati iliyo kwenye ncha ya mhimili huzisogeza pamoja mpaka nafasi iliyobaki baina ya rola na pete zake iishe. Kazi nzima ya kuzihudumia hutegemea kupatia kiasi cha msogeo huo, kwa kuwa nati iliyolegea huliacha gurudumu likicheza na kuzigonga rola, na iliyokazwa kupita kiasi hupasha chuma joto mpaka grisi iyeyuke na kutoka.

Adui mkubwa ni maji, kuliko hata vumbi. Gari linaloshuka mlima huku dereva akikanyaga breki hupasha habu joto, na likiingia mtoni mara moja baada ya hapo, hewa iliyomo ndani hupoa ghafla na kusinyaa, ikavuta maji kupitia sili, yaani pete ya mpira inayopaswa kuyazuia. Grisi iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya maziwa na kupoteza uwezo wa kutenganisha chuma na chuma. Kwa gari la barabara za kawaida, kufungua kila baada ya takriban kilomita 40,000 hutosha, lakini gari linalovuka mito mara kwa mara linastahili kufunguliwa mapema zaidi, na kusubiri mpaka mngurumo usikike ni kuchelewa, kwa sababu sauti hiyo ni ya uso wa chuma ambao tayari umebanduka.

Gari likishainuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, kalipa ya breki huondolewa na kuning'inizwa kwa waya ili mpira wake usivutwe, kisha hufunguliwa friwili, kifaa kinachounganisha au kutenganisha shafti na habu. Bolti zake hukaa na washa zenye umbo la koni ambazo hung'ang'ania, na ambazo hulegea kwa kugongwa pembeni kwa shaba wala si kwa kuchokonolewa. Nyuma yake ziko nati mbili pana zilizotenganishwa na washa yenye ndimi za kukunja, na nati hizo zinahitaji soketi ya milimita 54. Mafundi wengi huzizungusha kwa patasi na nyundo. Mtindo huo ni wa kuachwa kabisa, kwani huharibu nati, hudondosha chembe za chuma ndani ya habu na humnyima fundi njia yoyote ya kupima.

Nati na habu zikishatolewa, beringi husafishwa kwa dizeli au mafuta ya taa na kukaushwa, bila kuzungushwa kwa upepo wa kompresa, maana rola inayozunguka kasi bila ulainisho huweza kuharibika au kuchomoka na kumjeruhi mtu. Hapo ndipo huchunguzwa: rangi ya buluu huonyesha joto lililopita kiasi, vishimo vidogo huonyesha uchovu wa chuma au kutu, na beringi yenye dalili hizo hubadilishwa pamoja na pete yake ya nje iliyobaki ndani ya habu. Grisi mpya, ya lithiamu ya daraja la 2, husukumwa kwa kiganja upande mpana wa beringi mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola zote, na sili hubadilishwa kila mara hata ikionekana nzima.

Baada ya habu kurudishwa, nati ya kwanza hukazwa kwa kiasi cha nyutonimita 60 huku habu ikizungushwa kushoto na kulia ili rola zikae mahali pake, hulegezwa mpaka izunguke kwa mkono, kisha hukazwa tena kwa takriban nyutonimita 5. Mzani wa springi hufungwa kwenye bolti moja ya gurudumu na kuvutwa taratibu: habu inapaswa kuanza kuzunguka kwa nguvu ya kati ya kilo 3 na 6 hivi, na kitabu cha muundo husika ndicho kinachoamua kipimo chenyewe. Kwa kuwa kukaza nati ya pili huisukuma ya kwanza, kipimo hurudiwa baada yake, na kikizidi kazi huanza upya. Kipimo kikishatulia, ulimi mmoja wa washa hukunjwa kuelekea nati ya ndani na mwingine kuelekea ya nje. Baada ya safari fupi ya majaribio yenye breki chache, habu za pande zote mbili huguswa kwa tahadhari, na ile iliyopata joto waziwazi kuliko mwenzake hufunguliwa na kupimwa tena siku hiyohiyo.