Filipiki na Gharama Yake

Waingereza wanalo neno "filipiki", walitumialo kwa hotuba ya shutuma kali imwandamayo mtu mmoja tangu awali hata tamati, na asili yake ni jina la Filipo, mfalme wa Makedonia, ambaye mwaka 351 K.K. Demosthenes alisimama katika baraza la raia wa Athens akawahadharisha na tamaa yake. Wengi hudhani alimshambulia mfalme tu. Kumbe sehemu kubwa ya karipio lile iliwaangukia Waathene wenyewe, waliokuwa wakizungukazunguka na kuulizana kuna habari gani mpya, hali adui yao halali.

Walakini aliyelitia neno hili uzito ni Cicero wa Roma, ambaye, baada ya Julius Caesar kuuawa mwaka 44 K.K. na Marcus Antonius kutaka kuushika usukani wa dola, alitunga hotuba 14 za kumpinga, nazo zikaitwa kwa jina la zile za Demosthenes. Ya pili, iliyo kali kupita zote, hakupata kuitamka mbele ya Seneti, ila ilienea kwa maandishi. Na humo msomaji humwona Antonius, asubuhi ya baada ya karamu ya arusi, yumo katika kazi ya serikali mbele ya hadhara ya watu wa Roma, akijitapikia mapajani vipande vya chakula vinukavyo mvinyo. Ni tusi zito, wala sidai kuwa lina adabu. Lakini lilielekezwa kwa mtu mwenye askari, na aliyeliandika hakuwa na jeshi.

Ndiyo maana naona uchungu jina hili likitunukiwa kila amfokeaye mnyonge. Karipio lisilomhatarisha mwenye kulitoa, hata likiwa fasaha namna gani, halistahiki kuitwa hivyo, kwa kuwa Cicero alililipia: tarehe 7 Desemba 43 K.K. askari walimkuta ndani ya machela akielekea baharini, akawatolea shingo, na kwa amri ya Antonius kichwa chake na mikono iliyoziandika hotuba zile vikatundikwa juu ya mimbari ya Roma, palepale alipozoea kuhutubia.

Antonius alikufa Misri mwaka 30 K.K. Konsuli mmojawapo wa mwaka ule alikuwa mwana wa Cicero, na katika zamu yake Seneti iliamuru sanamu za Antonius ziangushwe, na mtu wa ukoo ule asiitwe tena Marcus.